Karatasi za Rafu

Mwalimu wa hesabu akikuambia hajawahi kuchoma karatasi za rafu za wanafunzi, huyo ama ni mgeni kazini ama anakudanganya. Ndivyo tulivyofundishwa. Mtihani ukiisha unakusanya karatasi za majibu, unazihesabu, unafunga bahasha. Kisha unakusanya zile za rafu, ambazo mtoto amejaribia, amekosea, amekata na kuanza upya. Hizo unazipeleka kwenye shimo nyuma ya jiko la shule, unawasha kiberiti na kusimama hapo hapo mpaka ziwe majivu. Halafu unachukua kijiti unayavuruga, maana kikibaki kipande chenye namba mbili tatu mtu anaweza kukiokota. Akishakiokota atakifanyia nini, hakuna aliyewahi kuniambia, na mimi sikuwahi kuuliza. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja katika shule moja ya kata wilayani Biharamulo, na kijiti sikuwahi kukisahau.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Kwetu ni Ngara, kwenye mlima ambao ukiwa unapalilia migomba unasikia malori yakijikongoja kupanda kutoka mpakani Rusumo. Mama yangu bado yuko kule, peke yake, na magoti yake yamekataa kazi. Maji anachotewa na watoto wa jirani wakikumbuka. Wasipokumbuka ananipigia simu mimi, kana kwamba nitairusha ndoo kutoka huku ikamfikia. Nimeomba uhamisho mara nne. Mara ya kwanza niliambiwa shule haina mwalimu mwingine wa hesabu. Mara tatu zilizofuata niliambiwa vilevile, na ubaya ni kwamba ilikuwa kweli. Ukiwa mwalimu pekee wa hesabu kwenye shule ya kata umefungishwa ndoa na ubao, na ndoa hiyo haina talaka.

Mwaka huu nikapata upenyo. Kule Ngara kulikuwa na mwalimu mwenzangu wa hesabu ambaye mumewe alikuwa amehamishiwa Biharamulo mjini, naye anatafuta wa kubadilishana naye kituo. Tukapatana kwa simu. Fomu tulijaza kwenye mtandao, ikabaki kitu kimoja tu: barua yangu igongwe muhuri wa mkuu wa shule, ipigwe picha na kupandishwa kwenye mfumo kabla ya Ijumaa saa tisa na nusu alasiri, saa ambayo dirisha la uhamisho lingefungwa. Mama nilikuwa nimeshamwambia. Alikuwa ameanza kukifagia chumba changu.

Wiki hiyo hiyo ikaja bahasha ya kambi.

Ilikuwa kambi ya hisabati, wiki nne za likizo ya Juni, mbali, mkoa mwingine. Watoto wanalala huko huko, wanalishwa, na kutwa nzima ni hesabu. Watakaoonekana kufaa wangeendelea kufuatiliwa mpaka wamalize shule. Kila shule ya Ngara na Biharamulo iliyopata bahasha ilitakiwa ipendekeze mwanafunzi mmoja tu. Ndani kulikuwa na maswali sita, na maelekezo ya kurasa mbili kwa Kiingereza. Ukurasa wa kwanza ulisema hawatafuti mwenye alama nyingi, wanatafuta mtoto mdadisi. Nikasoma hapo, nikaridhika, nikakunja. Kusimamia mtihani ninakujua kuliko ninavyoijua Salamu Maria, nani wa kunifundisha?

Na mtoto mdadisi nilikuwa naye. Binti wa kidato cha pili, anakaa dawati la nyuma kabisa karibu na dirisha lisilo na kioo. Wazazi wake ni wa asili ya Burundi, baba alishafariki, mama analima muhogo na mahindi upande wa kuelekea Nyantakara. Darasani alikuwa wa thelathini na kitu. Kiingereza kinamtesa, historia ndiyo usiseme. Lakini alipoingia kidato cha kwanza alikuwa hapitwi na jambo bila kuuliza. Nilipofundisha kwamba hasi mara hasi ni chanya, darasa zima liliandika, yeye akanyoosha mkono: "Mwalimu, nani aliamua?" Nilimjibu siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa, maana kila jibu nililompa alilirudisha limeota swali jingine. Mimi nilifurahi. Wenzangu hawakufurahi. Alimuuliza mwalimu mmoja kwa nini tunakariri miaka ya vita na si sababu zake, akaambiwa ana kiburi, akafyeka nyasi wiki nzima. Mwingine alimwambia mbele ya wenzake kwamba mtoto wa kike anayehoji wakubwa haolewi. Mwaka huu akaanza kunyamaza. Nilikuwa naona swali likimfika mdomoni, anaangalia mlango, analimeza. Nikajisemea, huyu asipopata mahali pa kuuliza mwaka huu, ifikapo kidato cha tatu atakuwa amekwisha. Sikuwa na shaka na hilo, na sina hadi leo.

Kwa hiyo Jumatano nikawaketisha wanafunzi kumi na wawili, yeye akiwamo, kwa muda wa saa tatu nzima.

Nilisimamia kama mtihani wa taifa. Madawati yametenganishwa, kimya, mifuko nje. "Majibu yawe safi," nikawaambia. "Sitaki kuona karatasi imekatwakatwa. Rafu pembeni." Kila mmoja nikampa ufutio, shule ilikuwa na boksi zima la msaada. Swali la nne lilihusu keki ya duara: ukiikata kwa kisu kutoka juu, bila kusogeza vipande, kwa mikato iliyonyooka, mikato mitatu inaweza kutoa vipande vingapi kwa wingi, na mikato kumi je? Binti akanyoosha mkono, kwa woga, akauliza keki ikoje. Nikamwambia afanye kama ugali wa muhogo kwenye sinia. Akainama. Baada ya nusu saa akaomba karatasi ya rafu nyingine. Akaomba tena, na tena. Alipoomba mara ya tano nilikasirika, na mimi nikikasirika Kihangaza cha kwetu kinaniingilia Kiswahili. "Unataka kumaliza karatasi za shule?" nikamwambia, lakini nikampa. Nilipopita kando yake nikaona miduara imejaa karatasi nzima, mbele na nyuma, mingine imekatwa kwa hasira. Nikaona uchafu. Mungu anisamehe, hicho ndicho nilichokiona.

Saa tatu zikaisha. Nikakusanya, nikahesabu, nikafunga. Mkuu wa shule akasaini fomu kwamba zoezi limefanyika kwa kufuata maelekezo. Nami nikabeba karatasi za rafu hadi shimoni, nikachoma, nikavuruga kwa kijiti.

Mchana nilipika ugali na maharage nyumbani kwangu, nikasahihisha majibu huku yakiiva. Mvulana mmoja, namba moja wa darasa, mtoto mzuri sana, alikuwa amepata manne kati ya sita, kwa mwandiko kama wa cheti cha ubatizo. Binti alikuwa amejaza swali moja tu, lile la nne. Ameandika "7" na chini yake "56". Basi. Karatasi nyeupe pe, kama nilivyoagiza. Mvulana kwenye swali hilo alikuwa ameandika 8 na 1024, na niseme ukweli, hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu pia. Mkato mmoja vipande viwili, miwili vinne, mitatu vinane, unazidisha tu. Nikachukua kalamu nyekundu nimkosoe binti. Kisha nikasita, nikauangalia ugali wangu uliokuwa umeshaiva na kugeuzwa kwenye sahani.

Nikachukua kisu. Mkato wa kwanza, viwili. Wa pili, vinne. Wa tatu niliupitisha kila namna, nikahesabu kwa kidole: saba. Nikaukata wa nne, kumi na moja. Vinane havipatikani, hata ukimwita fundi. Nikaketi pale na ugali uliokatwakatwa, sina hamu ya kula. Huyu mtoto alifikaje hamsini na sita? Nikatoa maelekezo, nikafungua ukurasa wa pili, nikidhani labda majibu yako huko.

Majibu hayakuwako. Kilichokuwako katikati ya ukurasa ni hiki: wanafunzi wasipewe ufutio. Karatasi zote za rafu, hata zilizokosewa, hasa zilizokosewa, ziambatanishwe, kwa kuwa hizo ndizo watakazozisoma kwanza. Majibu watayaangalia baadaye, kama kutakuwa na haja.

Chini yake kulikuwa na mistari mingine. Sikuisoma. Niliukunja ule ukurasa kama mtu aliyeshika kaa la moto, nikautia kwenye bahasha, nikakimbia na kandambili hadi shimoni. Niliyapekua yale majivu kwa mikono. Sikupata hata herufi. Kijiti kilikuwa kimefanya kazi yake.

Alhamisi asubuhi nilimwambia mkuu wa shule. Si mtu mbaya, mkuu wetu. Amebakiza miaka miwili astaafu, na hofu yake kubwa duniani ni kuitwa halmashauri kujieleza. Alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta.

"Madamu," akasema, "kwani shida iko wapi? Mvulana amepata manne. Tupeleke mvulana."

"Mkuu, hawataki alama. Wanataka kuona mtoto alivyohangaika."

"Basi na huyo binti ahangaike tena. Mpe karatasi, achore upya, leo hii. Nani atajua?"

Siwezi kusema nilikataa. Nilitoka pale nikiona ameniokoa. Nikamwita binti kwenye chumba cha vifaa vya michezo, nikamkalisha juu ya gunia la mipira iliyopasuka, nikampa karatasi sita na penseli.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Lile swali la ugali, nataka unichoree tena ulivyofanya jana. Kila kitu, pamoja na ulipokosea."

Akachora mduara mmoja, akaukata vizuri. Akachora wa pili. Akaweka penseli chini. "Zile za jana ziko wapi, mwalimu?"

Ningeweza kudanganya. Uongo nilikuwa hata nimeshauandaa, kwamba mvua imezilowesha. "Nimezichoma," nikasema.

"Zote?"

"Zote."

"Hata ile niliyokosea mpaka nikalia?"

Sikuwa nimejua kwamba alilia. Nilikuwa nasimamia chumba kile kile, hatua tano kutoka kwake, nikilinda watu wasiangaliziane. Nikamwambia, ndiyo, hata hiyo. Aliikodolea penseli macho, na mimi nikajua, sasa amenyamaza moja kwa moja, na aliyemfunga mdomo si mwalimu wa historia, ni mimi. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, bila kuangalia mlango:

"Kwa nini huwa mnazichoma?"

"Ili zisivuje."

"Zivuje ziende kwa nani, mwalimu? Mtihani si ulikuwa umekwisha?"

Miaka kumi na moja. Nikamwambia sijui.

Akaichukua tena penseli, akachora mduara wa tatu, akaukata kwa mstari mmoja na kutikisa kichwa. "Hii siyo," akasema. "Leo najua kila mkato unakwenda wapi. Jana sikuwa najua. Nikiwachorea hii nawachorea picha tu." Nikamwomba basi anieleze kwa mdomo. Akanieleza. Jana alizidisha kwanza kama watu wote, akafika vinane, akachora asivione, akadhani mkono wake mbovu, akachora karatasi nzima akivitafuta. Ndipo alipolia. Kisha akaacha kutafuta vipande, akauangalia mkato wenyewe unavyotembea: ukivuka mikato mitatu ya zamani, umepita katikati ya vipande vinne, kwa hiyo umeongeza vinne. Wa tano utaongeza vitano. "Haviongezeki kwa kuzaana," akasema, "vinaongezeka kwa kukutana." Nimesomea hesabu chuo miaka mitatu, na hakuna aliyenieleza kitu vizuri hivyo.

Jioni ile nikawaandikia watu wa kambi barua ya kumpendekeza binti. Nilieleza kwamba nilichoma karatasi za rafu kwa uzembe wangu, kwa kuwa sikusoma maelekezo hadi mwisho. Nilieleza kwamba nilimwambia mtoto achore upya akakataa, na sababu aliyotoa. Nikaandika alivyofikiri, kwa maneno yake, na mwisho nikaliandika lile swali lake kuhusu kuchoma, nikasema sikuweza kulijibu.

Ijumaa saa nne nikaingia ofisini kwa mkuu na barua mbili, hiyo na ile ya uhamisho. Huku kwetu barua ya shule isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia karanga, hilo hata mtoto wa chekechea anajua. Akaisoma ya kambi mara mbili. Uso ukamshuka.

"Hapa unasema maelekezo hayakufuatwa. Na mimi nimesaini kwamba yamefuatwa."

"Ndiyo, mkuu. Nimesema kosa ni langu."

"Kosa lako, sahihi yangu." Akaisogeza pembeni, akaisoma ile ya uhamisho. Kisha akaziweka mbili sambamba mbele yake, muhuri katikati. "Sikiliza, mama. Ukiniomba nigonge hii ya uhamisho, nagonga sasa hivi, uende ukamtunze mzazi, na kambini anakwenda mvulana. Ukitaka nigonge hii nyingine, nagonga pia, mimi sitaki dhambi ya mtoto wa watu. Lakini wakija kuuliza, uwepo. Huwezi kuwasha moto ukahamia Ngara ukaniachia moshi. Ikigongwa hii, ile haigongwi."

Sikuwa na hasira naye, na hilo ndilo lililonibana zaidi. Angekuwa ameniomba rushwa ningejua pa kusimama. Nilimwomba dakika chache, nikatoka nikakaa kwenye ngazi ya stoo. Mwenzangu wa Ngara akapiga simu: vipi, umepandisha? Akasema kuna mwalimu wa shule nyingine ya Biharamulo aliye tayari kubadilishana naye, hataki kutukosa wote wawili. Nikamwambia nipe saa moja. Nikawaza magoti ya mama. Nikawaza chumba kilichofagiliwa. Nikawaza pia, na hili sijawahi kumwambia mtu, kwamba yule binti ana nini mpaka nimfie? Nilimchukia kidogo pale kwenye ngazi. Kama angekubali kuchora uongo wake kama watoto wengine, mimi ningekuwa nafunga mizigo. Yule mvulana wa alama nne alikuwa akipita na ndoo ya maji ya chooni, akaniamkia. Naye alistahili, kwa njia yake, na mkono wangu ukiandika jina lake hakuna atakayesema nimedhulumu.

Lakini ningerudi darasani Jumatatu, ya mwisho kabla ya kuondoka, nimkute dawati la nyuma, na asingeniuliza kitu. Hilo nililiona wazi kabisa. Asingelaumu, asingenuna. Angenyamaza tu, kama nilivyomfundisha.

Nikarudi ndani, nikasukuma barua ya kambi. Mkuu akaniangalia, akapuliza muhuri kama anavyopuliza siku zote, akagonga. Ile nyingine akanirudishia mkononi. Saa tisa na nusu ikapita nikiwa natafuta chaki.

Jumamosi nikasafiri hadi Ngara na bahasha. Wakusanyaji walikuwa kwenye ukumbi mmoja wa parokia: meza, dada mmoja kijana mwenye miwani, na rundo la bahasha za shule nyingine zilizonona kwa karatasi. Yangu ilikuwa nyembamba kama mtu aliyetoka kuugua. Nikasimama mbele yake mikono ikiwa nyuma, kama mwanafunzi. Akatoa karatasi ya majibu, akaiweka kando. Akasoma barua yangu akiwa amesimama, yote. Kisha akaniuliza swali moja.

"Aliomba karatasi za ziada mara ngapi?"

"Mara tano."

Akaandika tano kwenye kona ya barua. "Huyu aje," akasema.

Nilitaka kumshukuru, nikaropoka kitu cha kwanza kilichonijia, kwamba muhuri wa shule uko hapo chini, mkuu amegonga.

Akacheka kidogo, kwa upole. "Mwalimu, hata huu mwisho hukuusoma? Muhuri hatuhitaji." Akaufungua ule ukurasa wa pili, akanionyesha kwa kidole mistari mitatu ya chini kabisa, ile niliyoikunja Jumatano. Barua ya mwalimu isipitie kwa mkuu wa shule. Haihitaji muhuri wala sahihi ya mtu mwingine. Tunataka maneno ya mwalimu mwenyewe.

Niliisoma mara tatu. Ningeweza kuiandika barua ya kambi jikoni kwangu, nikaitia kwenye bahasha, na Ijumaa saa nne nikapeleka kwa mkuu barua moja tu. Hakuna aliyenifunga. Nilikuwa nimejifunga mwenyewe, kwa kamba niliyoisokota miaka kumi na moja, na fundo nikalikaza kwa mikono yangu. Nilijichukia siku hiyo kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Nikapanda gari la Rusumo nikashukia kwa mama. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, kitandani shuka la harusi yake mwenyewe. Nikamweleza kwa Kihangaza, polepole, yote. Alisikiliza huku akijisugua goti.

"Huyo mtoto ni wa nani?" akauliza.

"Wa watu tu, mama."

"Na mimi ni wa nani?"

Nilichota maji mpaka pipa likajaa, nikajaza na masufuria, nikarudi Biharamulo kesho yake.

Mama wa binti naye ilibidi nimfuate shambani kwa ajili ya fomu ya idhini. Tulielewana bila shida, Kirundi chake na Kihangaza changu ni ndugu. Aliishika fomu kwa ncha za vidole. Kwao Burundi, akasema, watu wakianza kuandika majina ya watoto, unafunga mizigo ukimbie. Wanaandika ili iweje? Nikamwambia, safari hii wanaandika ili wamsikilize. Aliniangalia muda mrefu kuona kama nina akili timamu, kisha akatia dole gumba.

Yule mwalimu wa shule nyingine ndiye aliyehamia Ngara. Nilipata habari Jumatatu.

Siku ya kuondoka, mwanzoni mwa Juni, nilimsindikiza binti hadi barabara kuu kungoja basi. Alikuwa na begi la kuazima na viazi vya kuchemsha, na mfukoni mwa begi nilikuwa nimemtilia karatasi tupu na penseli mbili. Ufutio sikumpa. Alikuwa na furaha, anaongea bila kupumzika, ananiuliza kama huko kambini kuna watu ambao hawajui majibu ya maswali yao wenyewe. Basi likatokea, nikamwonyesha mlango. Akaweka mguu ngazini, kisha akageuka.

"Mwalimu, walisema ungehamia kwenu. Kwa nini hukuhama?"

Konda alikuwa anagonga bati. Watu wanasubiri. Mtoto ameshika chuma cha mlango, ananiangalia usoni, haangalii pembeni, anangoja. Nikamwambia apande, nitamjibu akirudi.

Sasa wiki nne zimekwisha. Nimejaribu kuliandika jibu mara nyingi, nimekata, nimeanza upya, karatasi zote ninazo chini ya kitanda na sijachoma hata moja. Nikimwambia ni kwa ajili yake, nitakuwa nimemtwika ndoo ya mama yangu maisha yake yote. Nikimwambia ni kwa sababu sikusoma mistari mitatu, atauliza kwa nini sikusoma. Anarudi Jumamosi, na namjua, hasahau swali.